Sharafa za Baba Pacha

Jumatatu, 3 Machi

Vifungo vitano! Nimeona kwa macho yangu. Leo kliniki Baba Pacha kafunga vifungo vitano vya shati, kimoja baada ya kingine, mkono wa kushoto ukifanya kazi na wa kulia, ule uliopigwa na kiharusi, ukishikilia pindo. Polepole, ndiyo. Lakini kafunga! Na asubuhi hiihii nyumbani alinitegea kifua nimfunge mimi. Hakugusa hata kimoja.

Nikamuuliza yule binti wa tiba kazi, huyu anayemfundisha upya kuvaa, kuoga, kula na kujinyoa: mbona kwangu hafanyi? Akanitazama kwa ule upole wake unaokera. Eti, labda mama unamwahi. Namwahi! Mimi niliyeacha vipindi vya jioni, ninayemvisha, ninayemlisha, ninayemkausha mpaka katikati ya vidole vya miguu — leo kosa ni langu?

Nimeshampa jina, Bi Subiri. Kila nikinyoosha mkono kumsaidia mume wangu: "Subiri, mama." Kijiko kinamwaga uji — subiri. Soksi imepinda — subiri. Ningekuwa nasubiri hivyo darasani, watoto wangehitimu wakiwa babu.

Baba Pacha muda wote anatazama dirishani. Shingo imekaza. Naijua shingo ile. Miaka ishirini na sita nasimamia mitihani. Mtu asiye na kitu hugeukageuka, hujikuna, hupiga miayo. Mwenye karatasi mfukoni ndiye anayetulia kama picha.

Hapa pana kitu.

Jumatano, 5 Machi

Chumba cha walimu, sina kipindi. Mwalimu mkuu kaniita ofisini na akafunga mlango. Huyu akifunga mlango si bure. Wanataka jibu langu kufikia Jumatatu tarehe 24. Nakwenda au siendi. Wamenivumilia toka Novemba, hawawezi tena, shule ile haiwezi kukaa bila mkuu.

Niandike hapa, kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Niliomba uhamisho Septemba. Mji mwingine, shule ya bweni, nyumba ya mkuu wa shule ina vyumba viwili na bustani. Sikumwambia Baba Pacha. Novemba, siku ya Jumamosi, alitafuta miwani yake kwenye mkoba wangu akakuta barua. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: unahama shule, au unanihama mimi? Nikamwambia yote mawili.

Yote mawili! Nilikuwa na hasira, lakini sikuwa nadanganya. Nilichoka. Mtu ni kinyozi, anaongea na vichwa vya watu kutwa nzima, mpaka wateja wanapitiliza zamu zao kwa kucheka. Akifika nyumbani maneno yamekwisha. Pacha wetu walipoondoka kwenda kwenye kazi zao, nyumba ikabaki na mimi na redio.

Jumatatu yake akaanguka kibandani, mashine ikiwa inanguruma mkononi, mteja kanyolewa nusu kichwa.

Nikabaki. Watu wananisifu, mke wa mfano. Mwalimu mkuu leo kaniuliza, mgonjwa akijimudu utakwenda? Nikasema akijimudu, ndiyo. Kwa hiyo yote yako kwenye vifungo vya shati. Na kuna mtu ananichezea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemnyoa. Kila mara ni vita. Kidevu sawa, mashavu sawa, lakini zile sharafa, ndevu za kando ya masikio, zinanishinda. Ya kushoto ikashuka, ya kulia ikapanda. Nikirekebisha moja, nyingine inaharibika. Nikamletea kioo.

Maskini, alijiangalia kama mtu anayesoma matokeo ya mwanawe. Kinyozi wa miaka thelathini! Kanitazama. "Asante, Mwalimu." Basi. Huniita Mwalimu akiwa na jambo anataka kusema na hasemi.

Nimecheka jikoni peke yangu. Halafu nikajisikia vibaya.

Jumapili, 9 Machi

Sharafa zimelingana!

Nimegundua nikimpangusa uso. Alhamisi nimeziacha upogo, kidole kizima tofauti. Jana nilikuwa na makaratasi ya kusahihisha, sikuangalia. Leo ziko sawa kama zimepigiwa rula, ncha zimechongwa kwa mshazari. Ule mshazari naufahamu. Mji huu mzima ulikuwa unaufahamu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni wifi yangu. Ndiye anayekaa naye mchana nikiwa shuleni. Nikambana mlangoni: nani kaja kumnyoa kaka yako? Mwenzake wa kibandani kapita?

"Wifi, hapa hajaja hata inzi," kasema. "Mimi namwekea chakula, nalala kidogo pale kwenye kochi, basi."

Analala! Kumbe analala.

Halafu kama kawaida yake akatupa jiwe lake: kaka asingeugua kama angekuwa na amani. Kama angekuwa na nini? Akajitia hamnazo, akaanza kutafuta kiatu. Huyu anajua kuhusu barua, au anabahatisha? Sijamwuliza. Nikimwuliza nitakuwa nimemjibu.

Jumanne, 11 Machi

Nimetega mtihani.

Nimemnyoa upogo kwa makusudi. Mungu anisamehe. Sharafa ya kulia nimeipandisha mpaka juu ya sikio, ya kushoto nimeiacha ndefu, na chini ya taya nimebakiza kichaka cha nywele ambacho hata mlevi angekiona. Alivumilia yote. Nilipomwonyesha kioo alifumba macho.

Kisha nikaenda bafuni. Kijaluba cha nyembe nimekifunga, juu yake nimelaza uzi mweupe mmoja. Kile kigoda cha kuogea alichotupatia Bi Subiri nimekitoa nje, nimekiegemeza kwenye ukuta wa ukumbi, miguu ikitazama mlango. Dodoki la mpini mrefu nimelielekeza kushoto.

Nimekwenda shuleni moyo unadunda kama msichana. Kwa ajili ya ndevu!

Jumatano, 12 Machi

Jana mchana nilirudi. Uzi uko sakafuni. Kigoda kiko ukumbini, lakini miguu inatazama ukuta, na kimelowa. Dodoki liko pale pale, hakulihitaji. Sharafa — sawasawa. Kichaka chini ya taya — hakuna.

Na yeye? Yuko kwenye kiti chake, mkono wa kulia umelala mapajani kama nguo iliyosahaulika. Akaniambia, sauti ya chini: Mwalimu, nisogezee kikombe.

Kikombe kiko inchi tatu kutoka kwenye mkono wake mzima!

Nikamsogezea. Nikamshikia mpaka akamaliza. Mwanafunzi anayeangalizia humnyang'anyi karatasi palepale. Unapita mara ya pili, ya tatu, mpaka ujue anaangalizia kwa nani.

Ila kosa lake nimelipenda. Angevumilia upogo wiki moja tu, nisingejua kamwe. Hakuweza. Angetoka hadharani na kiraka kwenye suruali, na kinyesi cha ndege begani, lakini si na sharafa mbili zisizolingana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempiga chabo mume wangu mwenyewe.

Nimeomba ruhusa saa nne, nikapitia mlango wa nyuma, viatu mkononi. Wifi anakoroma kwenye kochi, kaka yake hayupo kitini. Mlango wa bafuni uko wazi nusu.

Kakaa kwenye kigoda mbele ya kioo. Wembe mkono wa kushoto. Na wa kulia, ule niliokuwa nauosha na kuukanda na kuulilia, vidole viwili vimeinuka, vikitetemeka, vinavuta ngozi ya shavu iwe tambarare. Vimeinuka vyenyewe! Nikaziba mdomo.

Na anaongea. Anaongea na kioo, kwa sauti yake ya kibandani, ile ya kuburuta kidogo sasa. Anajigeuza mteja, anajigeuza kinyozi.

"Kichwa kushoto kidogo, mzee. Hapohapo. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na Mama Pacha?"

Wembe umesimama.

"Yupo. Bado yupo."

Nilitoka. Nikazunguka nyumba, nikavaa viatu, nikaingia mlango wa mbele nikiupiga kishindo na kukohoa. Ikachukua muda. Nikaangalia picha ukutani mpaka nikasikia kiti kimelia. Nilipoingia chumbani amekaa, shati limefunguka, kifua kimenitegea.

Nikafunga. Kimoja, cha pili, cha tatu. Hasira! Miezi minne! Ameniweka hapa kwa vifungo. Si kwa neno, si kwa ombi, kwa vifungo. Mtu mzima kanifunga kwa shati lake mwenyewe.

Na kuna kitu kingine, na kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu nitakiandika. Nilifurahi.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Bi Subiri anajua. Nimekaa nje ya pazia, na pazia si ukuta.

Nimemsikia akimwambia kwamba nyumbani kwake ni kwake, hamwingilii, lakini yeye hawezi kuandika uongo kwenye fomu. Baba Pacha kajibu kitu sikukishika. Halafu: "Nipe mpaka Ijumaa, binti yangu." Wana njama! Wana tarehe!

Walipotoka kaniambia kama hakuna kitu kwamba Ijumaa atakuja nyumbani, tathmini ya mwisho. Mzee atachagua shughuli tatu, azifanye mahali anapoishi. Akizimudu faili linafungwa. Asipozimudu wataendelea, na itabidi awepo mtu wa karibu muda wote.

Nikambana koridoni, mume wangu akiwa anavalishwa viatu. Yaani akivaa viatu. Anaweza, si ndiyo? Anaweza kila kitu?

"Mama, nikikujibu ya kwake wewe, kesho nitamjibu ya kwako yeye."

Ya kwangu yapi? Amemwambia! Amemwambia binti wa watu habari za barua, mimi hajaniambia hata kwamba vidole vinainuka.

Sikuishia hapo. Nikamwuliza tena ile ya kumwahi. Hakulumbana. Kaniuliza tu asubuhi ya leo nilimfanyia nini, kuanzia alipofumbua macho. Nikaanza kutaja. Nimemkalisha. Nimemvua shati la kulalia. Nimemnawisha. Nimemvisha mkono mgonjwa kwanza kama alivyotufundisha, kisha mzima. Nimemkatia mkate. Nimempulizia chai. Chai! Kiharusi hakikumpiga pumzi.

Kwenye teksi ya kurudi nikawaza. Kama anaweza, hakuna kinachonizuia kwenda. Kama hawezi, hakuna kosa langu kubaki. Na ni nani kila asubuhi anafika kwenye kifungo cha kwanza kabla hakijaguswa? Nimekuwa nikimshuku wifi, binti, mgonjwa. Msimamizi hajakaguliwa.

Alhamisi, 20 Machi

Leo asubuhi nilijaribu. Nikampa shati mkononi, nikasimama. Nikasubiri. Na yeye akasubiri. Tumetazamana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake pita wewe. Saa ya ukutani inahesabu. Dakika saba! Kengele ya shule inagonga saa mbili kasorobo.

Nikafunga mimi.

Nimeandika barua mbili za kujibu. Moja nakwenda, moja siendi. Zote nimesaini. Ziko ndani ya kamusi.

Ijumaa, 21 Machi

Chumbani. Nimeaga nakwenda kutafuta kalamu. Wako sebuleni.

Niandike haraka, kwa mpangilio, nisichanganye.

Bi Subiri alikuja saa tatu na begi lake. Mimi nilishajipanga. Kiti nimekiweka nyuma, kona, ninapoona mikono na kioo kwa pamoja. Nilikuwa na hakika: atashindwa kwa makusudi. Atadondosha wembe, atatazama sakafu, atasema sijiwezi, binti yangu. Na mimi leo ningesimama. Ningesema mbele ya shahidi, sharafa zako alizilinganisha nani?

Kaulizwa achague. Kasema kunyoa, kuvaa, kupika chai.

Kavua shati — mkono mzima kwanza, mgonjwa mwisho, kama kwenye kitabu. Kafuata fimbo yake mpaka bafuni, kakaa kwenye kigoda. Povu. Wembe. Vile vidole viwili vikainuka mbele yetu wote, hakuvificha! Kanyoa polepole, bila kuniangalia. Chini ya taya pale alijikata kidogo, tone la damu. Nikanyanyuka.

"Acha, Mwalimu."

Nikakaa.

Shati. Kifungo cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikakataa. Kikatoka, kikakataa tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilikalia mikono yangu. Ndiyo, niliikalia, kama mtoto wa chekechea. Kikaingia. Cha nne. Cha tano. Kola kaigeuza mwenyewe.

Chai. Birika nusu, ili lisimwelemee, kalisukuma juu ya meza badala ya kulibeba. Kamimina. Vikombe vitatu, kavileta kimoja kimoja, safari tatu, mguu wa kulia ukiburuta. Cha kwanza kaniwekea mimi. Bila sukari. Hakuniuliza.

Sikuwa na cha kukamata. Mtu kafanya mtihani wote, kapata zote.

Bi Subiri hakushangaa hata kidogo. Basi hii ndiyo iliyokuwa njama, kwamba Ijumaa atafanya. Kaandika, kaandika, kisha akanigeuzia fomu. Sehemu ya mwisho si yake. Inajazwa na anayeishi na mgonjwa. *Je, hufanya haya nyumbani kila siku bila kusaidiwa?* Ndiyo, Hapana, sahihi. Kasema nisiharakishe.

Nikamtazama Baba Pacha. Uso umenyolewa, kipande cha karatasi kimeganda kwenye tone la damu. Akasema: "Andika ndiyo. Jumatatu wasikungoje."

Jumatatu! Anajua na tarehe! Nani kamwambia? Mwalimu mkuu kapiga simu nikiwa darasani? Wifi kafungua mkoba? Au alijua muda wote, na kila asubuhi akinitegea kifua alikuwa anahesabu siku?

Na hapa ndipo shaka imenishika upya, haijanipa hata nafasi ya kunywa chai. Ananiruhusu niende? Au anajua kwamba mtu akiruhusiwa hivyo, kwa chai isiyo na sukari, miguu haivuki kizingiti? Ni zawadi au ni mtego? Miaka yote nimemjua, na sijui.

Fomu iko mapajani. Nimeisoma mara tano. Nikiandika ndiyo, Jumatatu najibu kwamba nakwenda. Nikiandika hapana, faili halifungwi, na hakuna atakayenilaumu nikibaki, hata mimi mwenyewe. Na ukiangalia vizuri, hapana si uongo! Kila siku, nyumbani, bila kusaidiwa — hapana, hajawahi, kila siku nimemfunga mimi. Nimekaa hapa, mwalimu wa miaka ishirini na sita, natafuta jibu litakalokuwa kweli na kunibakisha.

Kunibakisha. Nimeliandika. Silifuti.

Hatua ukumbini. Si za Bi Subiri, mguu mmoja unaburuta. Amesimama nje ya mlango. Anauliza, umepata kalamu?

Nimemjibu bado.

Anasikia karatasi inavyokwaruzwa. Lazima anasikia, mlango huu ni wa ubao mwembamba. Hajaondoka. Hagongi. Kitasa kiko upande wa mkono wake wa kulia, nao umekigusa, kinatikisika kidogo, kinaacha, kinatikisika tena. Nimeinuka nimfungulie, nimekaa, nimeinuka